Maswali ya Wasomaji: Kuingia, Kukaa na Kufanya Kazi Unguja

Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 katika mwaka 2024, na barua zinazofika katika meza hii zinaonyesha kwamba si wote wanaoridhika na wiki mbili za ufukweni. Wengine wanataka kupika katika hoteli za Paje, wengine wanataka kuolewa Nungwi, wengine wanataka kurudi kuzeeka walikozaliwa. Tumechagua barua tano na kuzifupisha, na majina ya waandishi tumeyaondoa kama wao wenyewe walivyoomba.

Ndugu Mhariri, mimi ni mpishi kutoka Malindi, Kenya, na nimepata kazi katika hoteli ndogo huko Paje. Meneja ananiambia kuwa sisi raia wa Afrika Mashariki hatuhitaji kibali, kwamba muhuri wa miezi sita nitakaogongewa nikiingia unatosha, na ukimalizika nitavuka Mombasa siku mbili na kurudi. Kaka yangu aliyewahi kufanya kazi Nungwi ananionya nisithubutu. Nimsikilize nani?
*Mpishi, Malindi*

Msikilize kaka yako. Meneja amekueleza nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo inayowafikisha watu mahakamani. Ni kweli kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huingia Tanzania bila visa, na kwamba afisa wa Uhamiaji anaweza kumpa hati ya matembezi ya hadi miezi sita bila malipo. Lakini hati hiyo ni ya mtu anayekuja kuona jamaa, kupumzika, kuhudhuria arusi au kutafuta soko la bidhaa zake. Haimruhusu kushika mwiko katika jiko la mtu mwingine kwa mshahara, na wala haimruhusu kufanya hivyo kwa siku tatu za majaribio ambazo mameneja wengi huziona kuwa si kitu.

Wengi hudhani kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ilifuta vibali. Haikuvifuta, iliweka utaratibu wa kuviomba. Mfanyakazi aliyepata mkataba wa zaidi ya siku 90 katika nchi nyingine mwanachama anatakiwa aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba, na mamlaka husika inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Kwa kazi ya muda mfupi zaidi ya huo kuna pasi maalumu. Zaidi ya hayo, kila nchi iliandika katika jedwali lake kada za kazi ambazo imewafungulia wenzake, na Tanzania iliandika lake kwa tahadhari, ikitaja zaidi kada za kitaalamu. Usichukulie, basi, kwamba mpishi amo. Mwajiri wako ndiye anayepaswa kuthibitisha jambo hilo kabla hujafunga begi.

Kuna jambo jingine ambalo hata Watanzania wengi hawalijui vizuri. Uraia na Uhamiaji ni mambo ya Muungano, lakini kazi na ajira si mambo ya Muungano. Kwa hiyo mgeni anayeajiriwa Unguja au Pemba anahitaji karatasi mbili kutoka kwa serikali mbili: kibali cha kazi, ambacho hutolewa na mamlaka ya kazi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar chini ya Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na kibali cha ukaazi daraja B, ambacho hutolewa na Idara ya Uhamiaji ya Jamhuri ya Muungano, ambayo kwa upande wa Zanzibar ofisi zake kuu ziko Kilimani. Kimoja bila kingine hakikufikishi popote. Tumewahi kupokea barua ya mtu aliyekuwa na kibali halali cha kazi kilichotolewa Bara chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni, akahamishiwa tawi la Zanzibar na mwajiri yule yule, akadhani amebadilisha mji tu. Kumbe kwa mambo ya kazi alikuwa amevuka na kuingia katika mamlaka nyingine, na kibali chake cha Bara kilikoma kumsaidia pale boti ilipotia nanga.

Ukipata vibali vyako, visome. Utaona kuwa kibali cha daraja B hakisemi tu kwamba fulani anaruhusiwa kuishi Tanzania. Kinataja mwajiri wako, kazi uliyoombewa na mahali pa kuifanyia. Ukiombewa upishi Paje, huwi msimamizi wa baa Kendwa kwa kibali hicho hicho, hata kama hoteli zote mbili ni za mtu mmoja. Na ukiacha kazi au ukiachishwa, kibali nacho kinakufa, kwa sababu kilisimama juu ya mkataba ambao haupo tena. Unatakiwa upate mwajiri mwingine akuombee upya, au uondoke. Hili linawaumiza vijana wengi, ambao hugombana na meneja mwezi wa nne, wakahamia hoteli ya jirani siku ya pili, na kuamini kwamba kwa kuwa tarehe iliyoandikwa kwenye kibali bado iko mbali, wao wako salama.

Suala la kuvuka Mombasa na kurudi tulitazame jinsi afisa anavyolitazama. Anafungua pasipoti yako na kuona mihuri ya Horohoro na Lungalunga ikifuatana, kutoka Ijumaa na kuingia Jumapili, kisha hivyo hivyo baada ya miezi sita. Hahitaji kumuuliza mtu yeyote ili ajue kwamba mbele yake yuko mtu anayeishi nchini na si anayetembea. Sheria inampa uwezo wa kukupunguzia siku, wa kukukatalia kuingia, na mambo yakiharibika zaidi, wa kuanzisha hatua za kukupiga PI, yaani kukutangaza kuwa mhamiaji asiyetakiwa. Jambo hilo ni zito kwa mtu wa Malindi ambaye huenda ana shangazi Tanga na wajomba Pemba. Mwajiri naye hawi salama, maana kumwajiri mgeni asiye na kibali ni kosa la mwajiri pia. Lakini ukweli wa mambo ni kwamba yeye hulipa faini na kufungua hoteli yake kesho yake asubuhi, na wewe ndiye unayepandishwa boti.

Unachotakiwa kumwuliza meneja ni hiki: nani anaomba vibali, nani analipa ada, na mkataba ni wa muda gani. Suala la muda lina uzito wake katika pwani ya kusini-mashariki. Paje hujaa wageni wanaoteleza baharini kwa tiara wakati wa upepo wa kusi, kuanzia Juni hivi, na tena wakati wa kaskazi mwisho wa mwaka; masika yakiingia Aprili na Mei hoteli nyingi ndogo hufunga milango na kuwarudisha watu makwao bila mshahara. Ada za vibali si haba, na mwajiri anayekuambia ulipe mwenyewe kwanza kwa kazi ambayo itasimama baada ya miezi mitano anakuhamishia hasara yake. Tena, usimwachie pasipoti akuwekee. Anaihitaji kwa siku za kuwasilisha maombi, basi. Baada ya hapo irudi mikononi mwako, pamoja na nakala ya maombi na risiti ya serikali iliyolipiwa kwa namba ya malipo. Mwajiri asiyeweza kukuonyesha risiti hajaomba chochote.

Assalaam aleikum. Nina nyumba ya wageni yenye vyumba sita Jambiani. Kuna mama wa Kijerumani anayekaa kwangu karibu mwaka sasa. Anafanya kazi za kampuni ya kwao kwa kompyuta, na kila siku 90 zikikaribia kwisha hutoka nchini na kurudi na visa mpya. Karibuni ameanza kuwafundisha wageni wangu yoga asubuhi, nami nimempunguzia kodi ya chumba. Hapokei senti. Je, kuna tatizo, na likitokea litanigusa mimi?
*Mwenye nyumba, Jambiani*

Waaleikum salaam. Tatizo lipo, tena limeongezeka tangu alipotandika jamvi la kwanza.

Tuanze na visa yake. Visa ya kawaida ambayo watalii wengi hulipia dola 50 humruhusu mgeni kuingia mara moja na kukaa kwa muda usiozidi siku 90, kwa mapumziko, kutembelea jamaa, matibabu na mambo ya namna hiyo. Hakuna sheria inayomkataza mtu kuja Zanzibar mara ya pili na ya tatu, na wapo wazee wa Ulaya wanaokuja kila mwaka wakati wa baridi kwao bila kuulizwa. Lakini mtu ambaye kwa miezi kumi na miwili hakukaa nchini kwao hata wiki mbili anakaa Jambiani, wala haji kuitembelea, na visa ya matembezi haikutungwa kwa ajili yake. Kila anapoingia anategemea hisani ya afisa aliyeko dirishani, na hisani hiyo ipo siku itakosekana.

Kazi ya kompyuta ni jambo jipya ambalo vibali vya Tanzania havikulitolea daraja lake. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, daraja B ni la walioajiriwa, na daraja C ni la wanafunzi, watafiti, wamisionari, wastaafu, wanaojitolea na wengine wasioingia katika yale mawili ya mwanzo. Mtu anayeandika programu za kampuni ya Berlin akiwa kibarazani Jambiani haingii sawasawa katika hata moja. Jirani zetu Kenya waliliona pengo hilo, na mwaka 2024 wakatangaza kibali cha daraja N kwa watu kama huyu. Kwa maoni yangu Tanzania nayo ingefanya vyema kufanya hivyo, kwa kuwa watu hawa hutumia fedha za kutoka nje na hawamnyang'anyi kijana wa Makunduchi kazi yake. Lakini maoni yangu hayatamsaidia akisimamishwa. Asimwambie afisa kwamba anafanya kazi halali kwa visa ya utalii, na wewe usimhakikishie hivyo; aende Kilimani akiwa na maelezo ya kazi yake kwa maandishi, aombe ushauri kabla hajalipia visa nyingine.

Kuna upande wa kodi pia, ambao wageni hawa huusahau kabisa. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 mtu aliyekuwamo nchini siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato huhesabiwa kuwa mkaazi kwa madhumuni ya kodi. Huyu mama wa watu huenda amekwishavuka kiwango hicho. Akijisifu mtandaoni kwamba anaishi Zanzibar mwaka mzima, anajiandikia ushahidi mwenyewe.

Yoga haina utata wowote: ni kazi. Kutopokea senti hakubadilishi kitu, kwa sababu amelipwa chumba, na hata kama asingelipwa kabisa, shughuli anayoifanya ni ile ambayo nyumba nyingine humwajiri mtu kuifanya. Wageni wengi hunaswa hapa. Wanajua kwamba kuajiriwa kunahitaji kibali, lakini wanaamini kwamba kujitolea ni wema na wema hauombewi ruhusa, ilhali anayekuja kujitolea shuleni au hospitalini huombewa kibali cha daraja C na taasisi inayompokea. Kama angetaka kuja kufanya kazi maalumu ya muda mfupi, iko visa ya biashara ya dola 250 ambayo nayo ina ukomo wa siku 90. Lakini kufundisha yoga mwaka mzima ni ajira, na inamrudisha kwenye vibali viwili tulivyomweleza mpishi wa Malindi.

Wewe litakugusaje? Nyumba ya wageni huandikisha wageni wake, namba za pasipoti na tarehe za kuingia na kutoka. Daftari lako hilo ndilo litakaloonyesha kwamba mtalii mmoja amelala chumba kimoja mwaka mzima, na ubao wako wa matangazo ulioandikwa saa ya yoga ndio utakaoonyesha alikuwa akifanya nini. Machoni pa sheria wewe ni mwajiri wake, upende usipende. Ningekushauri uondoe tangazo leo, umlipishe kodi kamili ya chumba, umweleze kwa upole sababu, na kama kweli wageni wako wanaipenda yoga, utafute Mzanzibari wa kuifundisha. Wapo, na baadhi yao wamejifunza kazi hiyo hapo hapo Paje na Jambiani.

Mhariri mpendwa, mimi ni Mzanzibari na nimeolewa na Mtaliano. Ndoa yetu ilifungwa kwa kadhi. Nina duka la vitenge na vinyago Nungwi, na mume wangu hunisaidia dukani ninapokuwa na mtoto. Watu wananitisha kwamba anaweza kukamatwa ndani ya duka la mke wake. Je, ndoa haimpi haki?
*Mama wa Nungwi*

Ndoa inampa njia ya kukaa, bibie, lakini haimpi moja kwa moja njia ya kufanya kazi. Wewe ukiwa raia unaweza kumwombea hati ya mfuasi, ile wanayopewa mke, mume au watoto wanaomtegemea mwenyeji, ambayo humwezesha kuishi nawe bila kuhangaika na visa za siku 90. Utatakiwa uonyeshe cheti cha ndoa, na hapa hakikisha kwamba ndoa imesajiliwa na cheti mnacho mkononi. Karatasi ya msikitini yenye sahihi za mashahidi peke yake haitoshi ofisini. Mwenye hati ya mfuasi, hata hivyo, haruhusiwi kuajiriwa wala kufanya biashara, na akiwa nyuma ya meza anampimia mteja kitenge na kupokea fedha, afisa hatamwona kama mume anayemsaidia mkewe, atamwona mgeni anayeuza duka. Akukalie na mtoto nyumbani, nawe ukae dukani. Ndivyo sheria inavyowataka, ingawa najua kwamba mtoto mchanga ana matakwa yake.

Kama anataka kuwa mshirika kamili wa biashara, njia ni kibali cha daraja A, na kwa Zanzibar mlango wake ni Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji, ZIPA, chini ya Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2023. Duka la vinyago si mradi ambao ZIPA inausubiri kwa hamu. Serikali zote mbili zimekuwa zikiwahifadhia wenyeji biashara ndogo: huko Bara amri iliyotangazwa Julai 2025 iliwazuia wageni kufanya shughuli 15, zikiwamo kutuma fedha kwa simu, kutengeneza simu, kuongoza watalii na kuendesha maduka ya vitu vya sanaa. Amri hiyo ni ya leseni za Bara na haiwahusu ninyi wa Nungwi, lakini mwelekeo wa upepo mnauona. Leseni ya duka ibaki kwa jina lako.

Umeuliza pia, katika sehemu ya barua tuliyoifupisha, kama mumeo anaweza kupata uraia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania haimpi mlango huo. Yeye anapita njia ya kila mgeni mwingine, yaani awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na miaka isiyopungua saba ndani ya miaka kumi iliyotangulia hapo, awe na tabia njema, na ajue Kiswahili au Kiingereza. Sioni haki yoyote katika tofauti hiyo, ambayo kwa kweli inamwadhibu mwanamke Mtanzania kwa kuchagua mume. Mtoto wenu hana tatizo hilo: ni Mtanzania kwa sababu yako, ingawa akifikisha miaka 18 itambidi achague pasipoti moja.

Kwa Mhariri. Nilizaliwa Vuga, nikaondoka kijana, na sasa ni raia wa Oman na nimestaafu hapa Muscat. Mama yangu mzee yuko Mji Mkongwe. Nataka kurudi kuishi naye miezi mingi ya mwaka, na kama inawezekana ninunue pahala pangu. Nimeambiwa kwamba mtu aliyezaliwa Zanzibar hahitaji kuombewa ruhusa na mtu.
*Mstaafu, Muscat*

Aliyekuambia hivyo alisema kwa mapenzi. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake hupoteza wa Tanzania siku hiyo hiyo. Kwa hiyo, ndugu yetu, ukishuka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume unapanga foleni ya wageni pamoja na watalii wa Kipolandi, ingawa mwenye teksi aliyeko nje anamjua baba yako kwa jina. Jambo hili linawachoma wengi, nami silipunguzii uchungu wake. Tanzania imekuwa ikiandaa hadhi maalumu kwa watu wa asili yake wenye uraia wa nje, na unafaa kulifuatilia jambo hilo katika ubalozi wa Muscat, lakini hadhi hiyo si uraia.

Kwa hali yako njia inayofaa ni kibali cha daraja C, ambacho wastaafu nao huombea, na hapo kuwa kwako na pensheni ya uhakika kutakusaidia: Uhamiaji hutaka kujua kwamba hutakuja kutafuta kazi. Usianze na visa za siku 90 kwa kufuatanisha, kwa sababu hizo hizo zilizomponza mama wa Jambiani.

Kuhusu kununua, angalia sana. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na haki ya kuitumia chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 ni ya Wazanzibari. Mgeni hukodishwa kwa miaka maalumu kupitia utaratibu wa uwekezaji. Anachoweza kununua ni fleti, tangu sheria ya nyumba za pamoja ya mwaka 2010 ilipofungua njia, na miradi iliyoidhinishwa na ZIPA, kama ile ya Fumba, hutangaza kwamba mgeni anayenunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 anastahiki kibali cha ukaazi. Kabla ya kulipa senti, nenda ZIPA wewe mwenyewe ukaulize kama mradi umo katika orodha yao. Ushauri utakaopewa na jamaa, naujua, ni wa kununua kiwanja Bububu kwa jina la binamu. Binamu huyo ana mke, ana watoto, na ana ajali yake kama sisi sote. Akifariki, kiwanja kinarithiwa na warithi wake, na hati haina jina lako popote. Kama fedha yako haitoshi fleti, kaa na mama Mji Mkongwe.

Habari za kazi. Ninaishi Toronto na pasipoti zetu ni za Kanada. Tunakuja Unguja Desemba, mimi, mume wangu na watoto wawili, wa miaka tisa na miwili, kupitia Addis Ababa. Nimeanza kuomba visa mtandaoni na nimedaiwa zaidi ya dola 100 kwa kila mtu. Hivyo ndivyo ilivyo?
*Mama wa watoto wawili, Toronto*

Umeingia tovuti isiyo ya serikali. Zipo nyingi, zina bendera na nembo ya bwana na bibi, na hutoza ada yao juu ya ada ya visa. Tovuti ya Uhamiaji huishia na go.tz, na ada ya visa ya kawaida kwa raia wa Kanada ni dola 50. Wenye pasipoti za Marekani ndio hulipa dola 100, kwa visa ya kuingia mara nyingi. Kama hujakamilisha malipo, acha hapo hapo. Ombeni mapema, wiki kadhaa kabla, kwani Desemba maombi huwa mengi. Visa hupatikana pia uwanjani mkifika, lakini kusimama foleni na mtoto wa miaka miwili baada ya safari ya usiku kucha sikushauri.

Bima ni jambo jingine na hulipiwa peke yake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na inadumu siku 92. Bima mliyonunua Kanada haiondoi sharti hili, hata iwe nzuri vipi. Mkikaa Addis Ababa zaidi ya saa 12 mtadaiwa vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, mtoto wa miaka miwili naye akiwamo, basi chagueni ndege inayounganisha haraka. Mwenye miaka tisa atalipiwa bima nusu. Mdogo halipiwi bima, lakini visa analipiwa dola 50 kama baba yake, kwa kuwa ana pasipoti yake.